Siku Tuliyopanda Mnara wa Siena

Safari ya Italia tuliipanga kwa ajili ya miaka ishirini ya ndoa, tukaifanya ndoa ikiwa na miaka ishirini na miwili. Katikati hapo palikuwa na korona.

Australia ilifunga mipaka tukiwa tumeshanunua hata viatu vya kutembelea. Mwaka uliofuata wakatubana zaidi sisi wa magharibi mwa Sydney: hakuna kwenda mbali na nyumbani ila kwa kazi. Mimi ni muuguzi katika nyumba ya wazee huko Auburn, mume wangu ni dereva wa basi, kwa hiyo sote wawili tulitoka kila siku na vibali vyetu. Mmoja wetu akaleta ugonjwa nyumbani kwetu Guildford. Hatukujua ni nani, na tulikubaliana tusiulizane.

Mimi nilikohoa siku nne. Yeye alilazwa wiki mbili kwenye oksijeni, nikimwona kwa simu tu, mimi ninayewashika mikono wazee wa watu wengine. Aliporudi, kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye sanduku la barua kulimchosha kama amelima shamba. Mtaalamu wa mazoezi akamwambia apande ngazi. Nyumba yetu haina ghorofa, basi akawa anakwenda stesheni kila asubuhi, anapanda daraja la kuvukia reli, anashuka upande wa pili, anarudi. Siku moja mfanyakazi wa stesheni akamwuliza anasubiri treni gani, maana alikuwa amemwona akiziacha zote zipite.

"Ya Italia," akamjibu.

Mipaka ilipofunguliwa hatukungoja kuambiwa mara mbili. Tulifikia Florence, na siku ya tatu tukapanda basi la asubuhi kwenda Siena, barakoa usoni kwa sababu ilikuwa bado lazima. Tuliposhuka nilivua yangu na kuanza kutembea mbele kama mtoto siku ya sikukuu. Ule mji uko juu ya vilima, matofali yake yana rangi ya chungu kilichotoka motoni, na vichochoro vyake havikubali magari mawili kupishana. Nyumba zilikuwapo kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na bado watu wanaishi ndani yake! Dirisha moja lilikuwa wazi, mtu anakaanga vitunguu.

"Baba watoto, njoo unuse historia," nikamwita.

"Hiyo si historia, hicho ni chakula cha mchana," akasema. "Jamani, nipunguzie mwendo."

Nikageuka haraka. Hakuwa anahema. Alikuwa anapiga picha.

Kisha kichochoro kikatuachilia ghafla kwenye uwanja mkuu, nami nikapiga kelele, sikuona haya. Ni uwanja mpana uliobonyea kama ungo, watu wamejilaza juu ya matofali kana kwamba wako ufukweni, na upande wa chini umesimama mnara mwembamba, mrefu, kichwa chake cheupe kinagusa mawingu. Mume wangu aliutazama muda mrefu, mkono juu ya macho.

"Ngazi ngapi?"

"Karibu mia nne," nikasema, kisha nikajuta.

"Tunapanda."

Kwenye dirisha la tiketi walituambia mikoba haiingii, tuiache kabatini. Niliiacha, lakini kwanza nikachomoa kile kipima oksijeni cha kubana kidoleni, nikakitia mfukoni mwa gauni. Mwaka mzima nilikuwa nacho mkobani, nikimpima kila mara.

Ngazi zile ni nyembamba na zimezungukazunguka gizani, mawe yamelika katikati kwa nyayo za watu. Alitangulia yeye. Mimi nilikuwa nyuma yake nikisikiliza pumzi zake kama ninavyosikiliza za wagonjwa wangu: inaingia, inatoka, inaingia. Tulipofika mahali penye kitundu cha mwanga akasimama, akaegemea ukuta. Nikakitoa kipimo.

"Lete kidole."

"Weka mfukoni, mke wangu."

"Dakika moja tu nione."

Akanigeukia. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonigusa. "Mwaka mzima umenitazama kidole. Leo nitazame usoni. Nimesimama ili nichungulie dirishani."

Nilimtazama. Jasho lilikuwepo, ndiyo, lakini macho yalikuwa ya yule kijana wa Morogoro aliyeniambia mimi Mkenya kwamba Kiswahili changu kinahitaji fundi. Nikakirudisha kipimo mfukoni, na sikukigusa tena siku ile.

Juu tulitokea kwenye upepo. Mapaa yote ya Siena yalikuwa chini yetu, na nyuma yake mashamba na vilima vikipishana hadi macho yanachoka. Mume wangu aliinua mikono miwili akacheka kwa sauti hadi watalii wakageuka. Mimi nilitaka kumkumbatia, lakini pumzi zilikuwa zimeniishia. Kumbe nilikuwa nimehesabu pumzi zake nikasahau zangu! Nilikaa chini kwenye jiwe, natweta, moyo unadunda masikioni.

"Nesi," akasema akichuchumaa mbele yangu, "nikupime?"

Nilimpiga begani. Tukampigia simu ya video binti yetu kule Guildford, ambako jua lilikuwa limeshazama. Anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza. Alipoona uso wa baba yake na anga lile nyuma, alisema, "Baba, umefika," kwa Kiswahili, kisha akakata haraka.

Baada ya kushuka tulikula tambi nene kama kamba, yeye akaomba pilipili mara tatu. Tulipotoka tukasikia ngoma. Vijana wa mtaa mmoja walikuwa wanapita wakirusha bendera juu na kuzidaka, wapiga ngoma nyuma yao, na wenyeji wakiwafuata wakiimba. Hatukuulizana. Tuliingia kwenye msafara, tukapanda mtaa na kushuka mtaa, mama mmoja mnene akinishika mkono na kunieleza mambo kwa Kiitaliano nami nikimjibu kwa Kiswahili, na tulielewana vizuri kuliko ninavyoelewana na bosi wangu.

Mume wangu ndiye aliyetazama saa. "Basi letu!"

Tulikimbia. Alikuwa mbele yangu hatua kumi, kumi na tano, shati limejaa upepo. Alilifikia basi likiwa limeshawashwa, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, akamwambia dereva mwenzake kwa ishara kwamba kuna mwanamke anakuja. Dereva akacheka, akangoja. Nilifika nikiwa sina sauti. Tukavaa barakoa zetu, tukakaa kiti cha nyuma, basi likaondoka.