Ukili wa Shaba wa Bi Biubwa

Bi Biubwa binti Bwanaheri alikuwa msukaji mikeka hapa kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, mjane, na mdomo wake kila mtu aliuogopa. Marehemu mumewe alimwachia redio ya betri. Kwa redio hiyo alisikiliza sauti ya wapigania uhuru ikitoka Dar es Salaam, kwa sababu mdogo wake Bacar alikuwa amevuka Ruvuma kwenda kujiunga nao.

Mwaka 1968 shefi wa posto, yule Mreno aliyetutawala, alipiga marufuku antena. Askari walipita nyumba hadi nyumba waking'oa kila waya ulioonekana juu ya paa. Redio zenyewe walituachia, maana bila waya zilishika stesheni ya Wareno tu. Kwingine kote ni mikwaruzo.

"Wanadhani wametuziba masikio," Bi Biubwa alimwambia jirani yake Luísa. "Ngoja uone."

Nje ya mji palikuwa na lori la jeshi lililolipuliwa na bomu la ardhini. Bi Biubwa alikwenda kukata miyaa karibu nalo, akarudi na dinamo ya lori katikati ya mzigo. Ndani yake mlikuwa na waya wa shaba, mwembamba kama uzi wa kushonea, mrefu ajabu. Akakaa barazani mchana kweupe, askari wakipita, akasuka ukili, ule ukanda mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, kama siku zote. Ila ndani ya msuko alipitisha ule waya, miyaa ikaufunika.

Ukili ulipotosha akaushona mkeka. Akaikwangua ncha ya waya kwa kisu, akaifunga kwenye redio. Sauti ilikuja dhaifu, ikapotea. Siku mbili aliuhamisha mkeka huku na huku, bila mafanikio. Ya tatu akaufumua mkeka wote, akautandaza ukili kwa urefu wake, pima nane, kutoka upenuni hadi kwenye mpapai, kama anayeanika. Sauti ikaja safi kabisa. Luísa aliziba mdomo kwa kanga.

"Nisukie na mimi, dada."

Mwezi haukuisha, nyumba sita zilikuwa na ukili ulioanikwa usiokauka.

Mambo yaliharibika siku sipai Joaquim, askari mwenyeji wa shefi, alipotaka kamba ya kufungia kuni. Alikata kipande cha ukili wa Bi Biubwa bila kuomba, kisu kikagonga shaba. Akampeleka posto, ofisini kwa shefi.

"Nani alikufundisha?" shefi aliuliza, Joaquim akitafsiri.

"Kusuka nilifundishwa na mama. Hayo mengine nimefikiri mwenyewe."

"Nani wengine wanao?"

"Mwambie mji mzima unasuka ukili. Aukate wote, tulale mchangani. Jina hapati."

Joaquim alisita, akatafsiri nusu. Hiyo nusu ilitosha. Walimpiga viganja kwa kibao cha mbao mpaka vikavimba, kisha wakamfunga gerezani mjini Porto Amélia miezi saba. Hakutaja hata nyumba moja.

Alirudi na vidole viwili vya mkono wa kulia visivyokunjika. Luísa alipomwona akaanza kulia.

"Usinililie," Bi Biubwa akasema. "Lete ukili wako niuone."

Luísa alileta ule aliosuka mwenyewe, Bi Biubwa akiwa gerezani. Bi Biubwa aliupitisha mikononi polepole.

"Umelegea. Shaba inaonekana hapa, na hapa. Fumua."

Tangu siku hiyo alisuka kwa mdomo: yeye anaelekeza na kukaripia, Luísa na wenzake wanafanya. Msuko wao ulikaza kiasi kwamba Joaquim mwenyewe aliwahi kukalia ukili mmoja barazani asihisi shaba, akaomba maji, akaenda zake.

Septemba 1974, habari za kusimamisha vita zilipotangazwa, Bi Biubwa aliitoa redio nje, akaielekeza posto, akafungua sauti mpaka mwisho. Shefi alitoka, akasimama kwenye veranda yake.

"Dada, anatutazama," Luísa akanong'ona.

"Na asikie," Bi Biubwa akajibu. "Asingoje barua ya wakubwa zake wa Lisboa."

Wala hakupunguza sauti.