Msimbo wa Figo ya Mzee Abdurrazaque

Zuleica aliipitia orodha ya wagonjwa wa kusafiri mara tatu, na mara zote tatu jina la Mzee Abdurrazaque wa Quionga halikuwamo. Kwa miaka sita alikuwa karani wa takwimu katika kituo cha afya. Kazi yake ilikuwa kuupa kila ugonjwa msimbo wake, na kompyuta iliifuata misimbo hiyo kuteua watu wa kwenda hospitali ya mkoa katika mji wa Pemba, ule wa bara, kupigwa picha tena.

Alifungua faili. Mwezi wa tatu aliandika mwenyewe D41.0: uvimbe wa figo uliochunguzwa kwa darubini, na bado daktari hawezi kusema kama ni saratani au siyo. Mwenye msimbo huo huitwa baada ya miezi sita. Sasa palisomeka D30.0: uvimbe usio na madhara. Huyo haitwi.

Akainyakua faili, akaenda kwenye meza ya mkuu wake.

"Shefe Germano, nani amegusa faili hii?"

Mkuu wake hakuinua macho kutoka kwenye chai. "Mimi. Binti yake alikuja analia. Karatasi zetu hupita kwa dereva, kwa jirani, mwisho kijiji kizima kinasema mzee ana saratani. Nikamsitiri."

"Nani kakwambia ana saratani?"

"Basi kama hana, tatizo liko wapi?"

"Hatujui! Ndicho nilichoandika, kwamba hatujui. Wewe umesomea wapi udaktari ukajua?"

"Punguza sauti, menina, msichana wewe. Wagonjwa wanasikia."

"Wasikie!"

Alitoka na faili mkononi. Bintiye mzee, Atija, alikuwa kwenye benchi na baba yake, wamefuata dawa za presha. Alipomwona Zuleica akasimama haraka.

"Dada, tafadhali, si mbele ya baba."

"Mbele ya nani basi? Gari la Pemba linaondoka saa nne na baba yako hayumo. Umemwondoa wewe."

"Mimi niliomba wabadilishe jina la ugonjwa tu!"

"Jina hilo ndilo lililokuwa linamwita."

Mzee akagonga sakafu kwa fimbo. "Nyamazeni! Miezi sita mnaniambia nina mawe kwenye figo. Mnanificha mwili wangu mwenyewe? Karani, humo mna nini?"

"Uvimbe, babu. Waliuchunguza, hawakuujua. Lazima wauangalie tena."

"Hawakuujua?"

"Hawakuujua."

"Basi andika hivyo hivyo. Nimekwea minazi miaka hamsini, nani aliwahi kunishikia miguu?"

Zuleica alirudi ndani, akaurudisha msimbo wake, akaongeza jina kwa kalamu chini ya orodha, kisha akaisukuma karatasi hadi ikagonga kikombe cha Germano. Chai ikamwagika. Hakuomba radhi.

"Saini."

Germano akasaini.

Nje, mzee alikuwa ameshakaa kiti cha mbele. Atija alisimama mlangoni mwa gari, ameukumbatia mkoba wa baba yake, hathubutu kupanda.

"Panda," mzee alimwambia bila kumtazama. "Ila huko nitauliza mwenyewe, na nitajibiwa mwenyewe."