Koti Nililomvua Mwanangu Ndani ya Basi

Mimi nilijiona mtu ambaye hakuna kitu duniani kingeweza kumshangaza. Nilifika Birmingham na mashati mawili na viatu vya kuazima. Nimesukuma makaa kwenye tanuri la kiwanda cha chuma miaka saba. Shule niliishia darasa la tatu, lakini leo nina duka langu la kushona suti hapa Handsworth, na mawakili wanasimama kimya mbele yangu niwapime. Mtu akiingia mlangoni tu, kiuno chake nakijua kabla sijashika futi.

Basi ndugu zangu, nimeshangazwa. Na kosa ni langu, sina wa kumsukumia.

Nina mtoto mmoja tu, Salim. Alizaliwa hapahapa. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anajibu kwa Kiingereza. Fagia: "Yes, Dad." Piga pasi: "Yes, Dad." Mimi nikadhani ndiyo heshima yenyewe.

Alipotimiza miaka kumi na minane nikamwita Sardar, Singasinga mmoja wa Kisumu aliyehamia huku na brashi zake, ndiye anayeandika mabango ya maduka mtaani kwetu. Nikamwambia baada ya jina langu aongeze yale maneno Waingereza wanayoweka kwenye maduka yao: "na Mwana". Alipokuwa juu ya ngazi akaniuliza, "Bwana fundi, huyu mwana ameulizwa?"

Nikacheka. "Kwani wewe kilemba hicho uliulizwa?"

"Niliulizwa," akasema, akachovya brashi.

Siku ya Idi nikaalika watu. Kwa mafundi tuliofunzwa Mombasa, mkasi mkubwa wa kukatia humpi mtu, hata mkeo, mpaka siku unayomrithisha kazi. Nikampa Salim wangu mbele ya wageni wote. Akaupokea kwa mikono miwili, kimya. Wageni wakapiga makofi. Kwetu mtoto akinyamaza mbele ya wakubwa amekubali, ndivyo nilivyolelewa. Mama yake peke yake hakupiga makofi. Niliona, nikajifanya sikuona.

Jumamosi moja ya baridi kali Salim akaniomba twende sinema Kings Heath. Si kawaida yake kuomba, nikafunga duka mapema. Ilikuwa picha ya mambo ya ajabu, milima inasema, ndege wanatoa moto. Kuna mfalme mzee anamkabidhi mwanawe upanga wa ufalme. Kijana anaupokea, halafu anakwenda kuutupa mtoni. Nikasonya mpaka watu wa mbele wakageuka. Nikamwinua Salim, tukatoka kabla haijaisha.

Kwenye basi bado nachemka. "Mjinga yule. Ana shaka na majaliwa yake. Kiti kinamngoja, yeye analialia."

Salim akanitazama. Akanijibu kwa Kiswahili, sentensi nzima, sijawahi kumsikia.

"Hana shaka, Baba. Anajua kabisa hakitaki. Shaka yake ni moja tu, atamwambiaje baba yake."

"Umejuaje wewe?"

Akatoa barua mfukoni mwa koti. Amekubaliwa kusomea unesi, mji mwingine, anaanza Jumatatu.

"Unesi? Uende kuwafuta wazee wa watu makalio?"

"Niwauguze, Baba."

"Na mkasi wangu?"

"Nimeurudisha mezani kwako. Sijakata nao hata uzi."

Hapo ndugu zangu ningenyamaza tu, leo nisingekuwa naandika. Lakini mimi ni mtu niliyejijenga mwenyewe, na mtu wa hivyo akikataliwa anaona amebomolewa. Nikalitazama lile koti. Sufu ya kijivu, nililishona kwa mikono yangu, matundu ya vifungo kwa sindano, si kwa mashine.

"Koti hilo kazi ya nani?"

"Yako, Baba."

"Basi livue. Asiyetaka kazi yangu asiivae."

Wallahi nilidhani ataomba radhi. Akalivua. Akalikunja vizuri, mabega kwa ndani, kama nilivyomfundisha, akaniwekea mapajani. Kituo kilichofuata akashuka na shati tu. Hakikuwa kituo chetu.

Kondakta, Mjamaika, akaniambia, "Mzee, nje kuna barafu huko."

Nikamwambia asimamie tiketi zake.

Hakurudi nyumbani. Mama yake huenda kumwona kila mwezi, na akirudi hanisimulii. Tunakula, tunaosha vyombo, tunalala.

Baada ya miaka mitatu nikashindwa kuvumilia. Nikalipiga koti pasi, nikapanda treni. Nikamkuta wodini anamlisha supu mzee wa Kizungu, anampangusa kidevu, wanacheka jambo lao. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo, Baba."

Nilikaribia kulia kwa hiyo shikamoo. Nikamkunjulia koti, na kabla hajanyoosha mkono nikaona. Mabega yamepanuka. Inchi mbili nzima. Mimi ninayempima mtu kwa jicho akiwa bado mlangoni, kipimo cha mwanangu nilikuwa sikijui.

Akaligusa ukosi. "Limekuwa dogo, Baba. Mpe mtu mwenye baridi."

Nikamuuliza, "Yule kijana wa sinema, mwisho wake ulikuwaje?"

"Sijui, Baba. Ulituinua."

Akaitwa, akaenda. Nikakaa kwenye benchi saa nzima na koti mapajani, kama siku ile ya basi. Akapita mara mbili na sinia, akaniinamishia kichwa kwa adabu, kama anavyowainamishia wageni wa wagonjwa wengine.

Wateja hawaachi kuuliza, mwana mwenyewe yuko wapi? Wiki iliyopita nikamwita Sardar. Safari hii hakuniuliza kitu. Akapanda ngazi, akafunika maneno mawili, akashuka. Ukisimama ng'ambo ya barabara jua likipiga, bado unayaona chini ya rangi.

Wenzangu mliotoka mbali mkajenga, nawaomba. Mtoto akinyamaza mbele ya wageni, msipige makofi. Ngojeni wageni waondoke, kaeni naye wawili tu, mumuulize, na akijibu msimvue nguo mgongoni. Mimi ninajua bei ya kila kitu dukani kwangu, na hii nayo naijua. Kuandika "na Mwana" Sardar alinitoza pauni sita. Kufuta alikataa ujira, nikamlazimisha, akachukua pesa ya rangi tu: pauni moja na peni ishirini na tano.