Vidole Vyangu Vimepinda, na Shamba Lote Linaningoja Mimi

Jina langu lificheni, lakini hasira yangu iacheni ilivyo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nakaa upande wa Nyamasaria. Niliolewa mwaka mmoja kabla ya Uhuru, na mimi ndiye mikayi, yaani mke mkubwa.

Naumwa baridi yabisi. Ilianza kwa vifundo vya vidole kuvimba kila asubuhi. Sasa vidole vyote vimelala upande, na viwili vimepinda katikati, havinyooki hata nikivivuta. Daktari wa mjini alisema ni ugonjwa wa viungo. Mke mwenzangu yeye amewaambia wanawake kisimani kwamba vimepinda kwa uchoyo wangu. Wakacheka. Nawachukia wote, sifichi.

Kwetu mke mdogo hatii mbegu ardhini kabla ya mikayi. Akitangulia, ni kutangaza kwamba mikayi amekufa, na chira, ile laana ya kuvunja mwiko, inaingia bomani. Mvua ilipoanza nilitoka na mahindi yangu. Yakaniponyoka, yakamwagika yote mahali pamoja kama ya kuku. Mwenzangu akaweka jembe chini, akaja.

"Mama, lete mkono nikushike, tupande pamoja."

Mbele ya watu! Nikamtemea mate miguuni.

Mume wangu akaniita. "Mikono yako imekufa. Wacha huyu aanze. Mvua haiwezi ngoja vidole yako."

"Basi nichimbie kaburi kwanza, Baba, ndio aanze."

Akaenda zake. Anaogopa chira kuliko anavyonionea huruma. Barua hii nimeiandika siku tatu, kalamu nimeibana kwa viganja viwili, na hajaniuliza hata ninaandika nini.

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Juzi, nyuma ya nyumba yangu, nilichimba kishimo kwa kisigino, nikatia punje mdomoni, nikazidondosha ndani kwa midomo. Ziliingia vizuri. Kumbe naweza kupanda! Nikazifukua haraka kabla hajaniona mtu.

Mahindi ya majirani yamechipuka na mvua inapungua. Nikipanda, naye atapanda, atavuna, ataendelea kunicheka. Nisipopanda, wanangu wanne watalala njaa pamoja na watoto wawili wa mke mwenzangu. Nishaurini, nifanye nini? Fanyeni upesi, maana nikiifikiria njaa ya wale wawili, mara nyingine nafurahi.