Boti ya Watu Wawili

Mume wangu mtaani wanamwita Petroli, na waliompa jina hilo hawakumwonea. Siku tuliyokwenda kununua boti alikuwa ameshawaka kabla fundi hajatukaribisha karakanani.

Boti zilikuwa mbili, za alumini, zimewekwa sakafuni karibu na mashine ya kuchomelea. Ya futi kumi na mbili ilikuwa na benchi moja. Ya futi kumi na sita ilikuwa na mabenchi mawili, pana, nzuri kuitazama, na nzito kama kabati lililojaa nguo.

"Hii kubwa inataka watu wawili kuivuta nchi kavu," fundi alisema.

"Tupo wawili," mume wangu akajibu.

Nilishindwa kunyamaza. "Wawili wapi? Wewe na nani?"

Akanigeukia, macho yamemtoka pima. "Mimi na kaka! Au umeshamzika?"

Shemeji yangu alikuwa amesimama papo hapo. Macho yake yalianza kuingia ukungu miaka minne iliyopita, na sasa haoni hata kiganja chake. Lakini hao wawili wamevua pamoja miaka ishirini na sita, mkubwa mbele akivuta wavu, mdogo nyuma akipiga kasia. Macho yalipokwisha, mkubwa aliendelea kuvuta kwa kupapasa. Mume wangu alijivunia jambo hilo kupita kiasi. Ukisema kaka yake apumzike, umeanzisha vita. Mimi nilisema mara tatu, na mara zote tatu alisusa chakula changu.

Nami nilikuwa na hasira zangu, sitaki kudanganya. Upepo wa ziwani hauna adabu. Mtu asiyeona akitupwa majini, ataogelea kuelekea wapi? Nilikuwa nimechoka kusimama ufukweni kila asubuhi nikihesabu vichwa viwili kwa mbali.

"Chukua ndogo," nikamwambia. "Utaivuta mwenyewe."

"Na kaka atakaa wapi? Mapajani kwangu?"

Fundi alicheka. Mume wangu akamkata jicho, naye akajifanya anatafuta spana.

Shemeji aliipapasa boti kubwa toka mwanzo hadi mwisho, akagonga ubavu wake kwa kidole. Akahamia kwenye ndogo, akaingia, akakaa kwenye lile benchi moja kitambo kidogo. Kisha akatoka.

"Mdogo wangu, chukua hii."

"Kaka, usimsikilize huyu mwanamke!"

"Simsikilizi mtu. Naogopa."

Fundi akaacha kutafuta spana.

"Naogopa tangu macho yaanze kuniingia ukungu," shemeji akaendelea. "Boti ikiyumba kidogo tu, moyo unanienda mbio. Nilikuwa nakuja kwa ajili yako. Niliona nikiacha, utavunjika moyo."

Hapo nikawaelewa, na hasira zikanipanda upya, safari hii kwa wote wawili. Tangu ujana wao wana amri moja: wavu ukishaingia majini, hakuna kuongea, samaki wasishtuke. Wanagonga ubao tu, mara moja vuta, mara mbili simama. Na nchi kavu wanaongea habari za mpira. Basi kwa miaka minne mmoja alitetemeka mbele, na mwenzake nyuma aliona mgongo tu, akaona mambo ni shwari.

Mume wangu akalipuka. "Miaka minne! Unatetemeka mbele yangu, nami napiga kasia kama punguani! Ulishindwa kufungua mdomo?"

"Ungenisikia?"

Mume wangu aliipiga teke boti kubwa, akaumia kidole, akaitukana na boti yenyewe. Kisha akamwambia fundi ampakilie ile ndogo.

Tukatoka getini. Alimshika kaka yake mkono kumvusha mtaro, akimfokea njia nzima: mzee mzima, mjinga mkubwa, mwongo, ungekufa ningewaambia nini watu. Sauti ilikuwa kali kama kawaida yake, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Shemeji hakuweza kuyaona, na mimi sikumwambia.