Sababu za Kiutendaji

Ndoa ya Mama Mchwa iliisha kabla ya utafiti wake. Shida yote ilitokana na hilo, maana vitu vingine viligawanyika vizuri tu. Gari lilikwenda kwa mume, nyumba ikabaki kwa mke, sufuria zikagawanywa kwa ukubwa, na binti yao, ambaye alikuwa ameshaajiriwa benki katika mji mwingine, alisema yeye si sufuria, atamtembelea amtakaye. Hata shangazi wa mume, aliyekuwa akiishi nao tangu magoti yalipoanza kumsumbua, alipoulizwa sasa atahamia wapi, alijibu kwamba yeye hakuna mtu aliyempa talaka. Akabaki chumbani kwake.

Utafiti ndio haukugawanyika.

Jina la Mama Mchwa walimpa wanafunzi. Alifundisha elimu ya wadudu chuoni kwetu, na katika wadudu wote wa dunia hii aliowajali kwa dhati ni mchwa. Mumewe alifundisha mambo ya mbao katika jengo la pili. Yeye walimwita Msumari, kwa wembamba wake, na pia kwa kuwa akishaingia kwenye jambo hatoki bila koleo. Ofisi yangu ilipakana na ya Mama Mchwa, ukuta ukiwa wa mbao laini, hivyo mengi ya haya niliyasikia kabla hajanisimulia.

Walipokuwa bado wanakula meza moja, wawili hao walifukia vipande vya mbao katika uwanja ulio nyuma ya karakana ya chuo. Vingine walivipaka oili chafu ya magari, vingine majivu yaliyokorogwa, vingine maji ya majani ya mwarobaini, na vingine wakaviacha vilivyo. Swali lao lilikuwa la kila mwenye paa: mtu asiyemudu dawa ya dukani apake nini mbao zake zisiliwe? Kila baada ya muda walivifukua. Mke alihesabu mchwa, mume akapima uzito wa mbao uliobaki. Basi ilipokuja talaka, mmoja akajikuta na mchwa wasio na mbao, mwenzake na mbao zisizo na mchwa, na hakuna jarida la kisayansi linalochapisha nusu.

Wangeweza kuliacha hivyo na maisha yakaendelea. Lakini mkuu wa idara alimwita Mama Mchwa akamwambia jina lake limependekezwa kupanda cheo, ila faili lake halina makala mpya.

"Huna chochote jikoni?" mkuu akauliza.

"Ninacho. Ila kuni ziko kwa mtu mwingine."

Alirudi ofisini akamwandikia Msumari barua pepe. Hawakuwa wamezungumza karibu mwaka mzima, na alikwama kwenye neno la kwanza. Kumwita mume wangu haiwezekani, kumwita ndugu ni kumtania, na jina lake halisi lilikuwa limetumika vibaya mno siku za mwisho. Akaandika "Daktari," kwa kuwa wote wawili walikuwa na shahada ya uzamivu na hilo hakuna mahakama iliyolitengua. Jibu nalo likaanza na "Daktari." Tangu hapo wakaitana hivyo. Shangazi, aliposikia simu zao za mwanzo, alidhani mmoja wao anaumwa na wanamficha.

Mama Mchwa aliandika rasimu. Iliporudi ilikuwa nyekundu kuanzia kichwa hadi marejeo. Pale alipoandika kwamba mbao zililiwa, Msumari alifuta akaandika kwamba zilipungua uzito.

"Daktari," alimwandikia, "mchwa hawakuzipunguza uzito. Walizila."

"Daktari," alijibiwa, "hatukuwaona wakila."

Waliendelea hivyo wiki kadhaa. Kilichowasaidia ni kwamba mswada uliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hawakuwahi kugombana kwayo. Ugomvi wao wote wa nyumbani ulikuwa wa Kiswahili, wenye methali na mafumbo yake, na mtu hawezi kuyaingiza hayo katika sehemu ya mjadala bila kutaja chanzo.

Likabaki suala la jina la nani litangulie. Mama Mchwa alijua vita iko hapo. Alijiandaa kama wakili: nani aliyeleta wazo, nani aliyetafuta uwanja, nani aliyeandika kila sentensi. Alimpigia simu akiwa na hoja zake mezani.

"Weka lako kwanza," Msumari akasema kabla hajaanza. "Wewe ndiye uliyeandika."

"Sawa," akasema Mama Mchwa, akakata simu. Siku hiyo nzima hakusemezeka. Alinifokea kwa sababu ya mashine ya kuchapia ambayo wala sikuigusa.

Siku ya kuutuma mswada Msumari alikuja ofisini kwake, na mimi nikaona ni siku nzuri ya kupanga vitabu vyangu karibu na ukuta. Mtandao wa jarida ulikuwa na maswali mengi kuliko ya uhamiaji. Muhtasari usizidi maneno kadhaa. Picha ziwe za ukubwa fulani. Je, waandishi wote wameusoma mswada na kukubaliana na yote yaliyomo?

"Tumekubaliana?" Mama Mchwa akauliza.

"Na yote?"

"Ndivyo wanavyouliza. Na yote yaliyomo."

"Weka ndiyo," akasema Msumari. "Tuone inakuwaje."

Nikasikia kitufe kikibonyezwa. Kisha: "Je, waandishi wana mgongano wowote wa maslahi?"

"Mgongano tunao," Msumari akasema. "Wa maslahi hatuna."

Jarida la kwanza lilijibu upesi kiasi cha kutia shaka kama kuna mtu aliyesoma. Mhariri aliwashukuru, akasema mada yao haiendani na malengo ya jarida, akawatakia kila la heri kwingine. Shangazi alitaka aelezwe maana yake.

"Wamekataa, shangazi."

"Wamekataa posa? Basi si ungepeleka na kwingine palepale. Huyu akikataa, yule anakubali."

"Hairuhusiwi. Unapeleka sehemu moja, unasubiri jibu."

Shangazi alifikiri. "Hapo wana heshima," akasema.

Jarida la pili lilitaka marejeo yapangwe kwa namna nyingine kabisa: mwaka uje mwishoni, majina ya kwanza yafupishwe, majina ya majarida yaandikwe kwa herufi za mlazo. Mama Mchwa aliyapanga upya moja moja, huku akisema maneno ambayo sikujua anayafahamu. Akautuma. Wakasubiri mpaka wakaacha kuulizana.

Majibu ya wahakiki yalikuja wakati wa likizo, chuo kimefungwa, kwa hiyo ilibidi wakutane nyumbani. Msumari alisimama mlangoni akabisha hodi katika mlango ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeupiga randa. Shangazi akafungua.

"Umekonda."

"Shangazi, mimi nilikuwa hivihivi."

"Basi hukunenepa. Ingia."

Walikaa mezani, kompyuta kati yao. Mhakiki wa kwanza alikuwa mtu wa amani. Aliusifu mswada, akasahihisha tahajia, kisha akauliza kuhusu picha ya pili: kile kitu kilicholazwa kando ya mbao iliyoliwa ni nini, na kina urefu gani?

Wote wawili waliinamia kioo. Ilikuwa kandambili ya Msumari. Siku ile walisahau rula, akaivua mguuni akailaza pale ili msomaji apate kujua ukubwa wa mbao.

"Sijui ilipotelea wapi," Msumari akasema.

"Haikupotea. Shangazi huivaa akienda bafuni."

Shangazi aliletewa ombi, akavua kandambili bila kuuliza, akairusha mezani. Ilikuwa na sentimita ishirini na nane. Mama Mchwa akaandika: "Tunamshukuru mhakiki kwa hoja hii muhimu. Kipimo sasa kimeongezwa kwenye picha." Ndivyo majibu kwa wahakiki yanavyoandikwa. Hata mtu akikwambia hujui unachofanya, unaanza kwa kumshukuru.

Mhakiki wa pili hakuwa mtu wa amani. Baada ya hoja nyingi ndogondogo aliandika hivi: "Waandishi wanasema kwamba katika msimu wa pili wa mvua vipimo havikuchukuliwa kwa sababu za kiutendaji. Naomba waeleze sababu hizo."

Mama Mchwa aliisoma kwa sauti. Hakuna aliyemshukuru mhakiki.

"Ile mvua," akasema Msumari.

"Ndiyo hiyo."

"Kwa nini hukwenda uwanjani?"

"Ilikuwa zamu yako."

"Zamu yangu iliisha nilipohama."

"Zamu haikuwa ya nyumba, Daktari. Ilikuwa ya uwanja."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia vipi? Simu ulikuwa hupokei."

"Ulikuwa hupigi."

Shangazi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akishona kifungo, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. "Na hao mchwa," akauliza, "wao walikula?"

"Sana," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

"Nashukuru kama kuna aliyekula. Mimi nyumba hii msimu ule nilikuwa nalishwa mkate na chai."

Mama Mchwa aliniambia kwamba ni hapo alipokumbuka. Asubuhi moja katika mvua ile alivaa mabuti, akachukua mwavuli, akafika mlangoni. Akamfikiria Msumari amechuchumaa kwenye matope na mizani yake, na jinsi watakavyosalimiana. Akarudi ndani, akavua mabuti. Hakuwa amemwambia mtu. Sasa akamwambia Msumari, kwa sauti ileile aliyotumia kusoma hoja za wahakiki.

Msumari alikuwa anaitazama kandambili. "Mimi gari nililiwasha mara mbili au tatu," akasema. "Nikajua utakuwa pale. Wewe huwezi kuacha mchwa wako."

"Kwa hiyo hakukuwa na mtu."

"Hakukuwa na mtu."

Msumari akasogeza kompyuta upande wake, akaandika: kila mwandishi aliamini kwamba mwenzake yuko uwanjani. Wakaitazama sentensi hiyo.

"Ni kweli," akasema Mama Mchwa.

"Ni kweli kabisa."

"Lakini si ya kuwekwa mbele ya wageni."

Waliihangaikia mpaka shangazi akalala kwenye kiti. Walijaribu kulaumu mvua, lakini mvua ilikuwa ya kawaida. Walijaribu kulaumu barabara, na barabara ina lami. Mwishowe waliandika kwamba katika msimu ule mawasiliano kati ya waandishi yalikatika, vipimo havikuchukuliwa, na kasoro hiyo imezingatiwa katika uchambuzi. Juu yake wakaweka shukrani kwa mhakiki. Msumari aliondoka giza halijaingia. Alipofika mlangoni alipapasa bawaba, akasema inahitaji mafuta, akaenda zake.

Jibu lilipokuja, mhakiki wa pili alikuwa na maneno mawili tu juu ya hoja ile: "Maelezo yanatosha." Mama Mchwa aliyasoma mara nyingi. Mawifi walitaka maelezo, wakwe walitaka, mawakili walitaka, majirani walitaka bila kuomba, na katika wote hao hakuna aliyewahi kutosheka. Ilibidi atokee mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, ambaye hata jina lake lilifichwa kwa mujibu wa kanuni.

Taarifa ya kukubaliwa ilimkuta anasimamia mtihani. Simu ilitetemeka mfukoni, akaichungulia kinyume cha sheria aliyotoka kuwasomea wanafunzi. Hakuweza kupiga kelele wala kutoka. Akatembea kati ya madawati kutoka mbele hadi nyuma, akarudi, akatembea tena, kwa kasi iliyowatia hofu hata wale waliokuwa hawana cha kuficha. Mmoja alisalimisha kikaratasi bila kuombwa.

Baadaye akampigia Msumari.

"Imekubaliwa."

"Imekubaliwa?"

"Ndiyo."

"Na zililiwa, au zilipungua uzito?"

"Zilipungua uzito," akasema Mama Mchwa. "Ila kwenye kichwa cha makala nimeacha zililiwa."

Nikasikia anacheka. Nilikuwa nimepakana naye miaka mingi, na kicheko hicho sikuwa nimekisikia.

Makala ilitoka. Kwa ufupi ilisema kwamba oili chafu inazuia mchwa lakini inaharibu udongo, mwarobaini unasaidia kiasi, na majivu hayasaidii chochote, jambo lililowaudhi watu wengi wanaoyaamini. Shangazi aliomba aonyeshwe. Alipitisha kidole kwenye kila ukurasa akitafuta picha ya waandishi. Alipoambiwa haipo akasema basi hiyo kazi mtu yeyote angeweza kudai ni yake. Cheo kilikuja, baada ya vikao vinavyohitajika, na Mama Mchwa akahamia ofisi yenye ukuta wa matofali. Nilihuzunika kwa sababu zangu.

Mwaka uliofuata Msumari alioa mfamasia, mama mmoja mtulivu aliyefiwa na mumewe. Baada ya harusi alimleta kwa shangazi kusalimia, na kwa kuwa shangazi alikuwa bado hajahama, ilibidi amlete nyumbani kwa Mama Mchwa. Wakaketi wanne. Msumari alimtambulisha shangazi vizuri. Alipomgeukia Mama Mchwa, mkono ukabaki hewani.

"Na huyu," akasema, "ni mwandishi mwenzangu."

"Nimeisoma makala yenu," mfamasia akasema. "Nina swali, kama si utovu wa adabu."

"Uliza tu," akasema Mama Mchwa, akijiandaa kwa mabaya.

"Kwa nini mlitumia majani ya mwarobaini peke yake? Mbegu zina nguvu zaidi. Sisi dukani hata hatuhangaiki na majani."

Msumari alimtazama Mama Mchwa. Mama Mchwa alimtazama Msumari. Hata mhakiki wa pili hakuwa ameuliza hilo.

"Tunakushukuru kwa hoja hii muhimu," akasema Mama Mchwa, akavuta kiti chake karibu na cha mfamasia, akamwuliza mbegu zenyewe anazipata wapi.