Mlango wa Oveni

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Keki, na hata msimamizi wa dobi pale hotelini, alikokuwa akipiga pasi mashuka kutwa nzima, alimwita hivyo hivyo. Hakuwahi kuuza hata kipande. Jirani akiozesha, akijifungua au mwanawe akifaulu mtihani, keki ilitoka jikoni kwake bila kuombwa, na ole wake ambaye angethubutu kuuliza bei.

Sharti lake lilikuwa moja tu. Keki ikishaingia kwenye oveni, mlango wake haufunguliwi. Haufunguliwi kutazama, haufunguliwi kunusa, haufunguliwi hata nyumba ikishika moto. Redio ilizimwa, milango mingine ilifungwa taratibu, watu wakatembea kwa ncha za vidole. Marehemu mumewe alizoea kuwapokea wageni kwa kunong'ona: "Karibuni, lakini polepole, kuna mgonjwa jikoni." Binti yao wa pekee, alipokuwa mdogo, aliwahi kuuvuta mlango ule kidogo tu ili achungulie. Alichapwa mwiko mkononi, akanuna mpaka keki ikaiva, na hakurudia tena. Alipokua ndiye aliyekuwa akiwafukuza wenzake uani: "Hebu tokeni, mama ameweka keki!"

Binti huyo sasa alikuwa hasemi na mama yake.

Walikosana kwa sababu ya keki. Binti alileta mchumba ambaye alikuwa ameshaoa na kuachana na mkewe, na Mama Keki akakataa katakata. "Aliyemwacha yule atakuacha na wewe," alisema. Binti akang'ang'ania. Basi mama, ambaye alikuwa amewaokea hata watu asioweza kuwatazama usoni, akasema mbele ya ukoo mzima kwamba unga wake hautaingia kwenye harusi ile. Mdomo ulimponza, na alijua umemponza kabla hajaufunga, ila alikuwa na jeuri yake. Siku ya harusi alibaki nyumbani akizipiga pasi nguo ambazo hazikuwa hata na mkunjo, akingoja mtu aje kumbembeleza. Hakuja mtu. Wakakata keki ya dukani, bibi harusi akahamia mji wa mbali na mumewe, akabadili namba ya simu, na ikawa ndiyo imetoka hiyo.

Mume yule hakumwacha. Walipata mtoto wa kike, akaota meno, akaanza kutembea, na bibi yake hajamtia machoni.

Habari alizipata kwa wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa akienda kule kumtembelea mpwa wake na kurudi. Lakini habari zilikuja tu, hazikwenda.

"Ameniambia nikimpelekea neno lako hata moja, mlango wake nami nisiugonge tena," wifi alimwambia. "Unataka na mimi nifungiwe nje? Tutakuwa tunakaa hapa wawili tunatazamana?"

"Sijakutuma. Nimekuuliza tu mtoto anafanana na nani."

"Na wewe, maskini. Hata kununa ananuna kama wewe."

Mama Keki aliomba asimuliwe tena huo mnuno, akasimuliwa, akacheka huku machozi yanamlengalenga. Ndipo wifi, kwa kutafuta la kusema, akataja kwamba kila Jumapili alasiri binti hana habari na mtu. Anamweka mtoto mapajani na kukodolea macho runinga, yale mashindano ya waokaji wa nyumbani, ambapo kila wiki mshiriki mmoja anatolewa. Hata ukimsemesha hakusikii.

Wifi alipoondoka Mama Keki hakumsindikiza hata mlangoni. Alikuwa ameshapata njia. Mtoto wake alikuwa amefunga milango yote, kumbe ameacha kidirisha kimoja, na yeye angejipenyeza humo hata kama ni kwa kichwa.

Akaomba kushiriki, akaitwa, akajaribiwa, akapita. Studio ilikuwa ghala kubwa lililopakwa rangi za peremende, na kila mshiriki alipewa meza na oveni mpya inayong'aa, yenye mlango wa kioo. Mtu angekaa akaiona keki yake inavyoumuka bila kugusa kitu. Mama Keki alikitazama kioo kile kwa wivu. Laiti angekuwa nacho enzi zile, mkono wa mwanawe usingechapwa.

Wiki ya kwanza alioka kama alivyozoea, na majaji walikula kipande chake mpaka makombo. Kamera ilipomjia, akavuta pumzi, akaitazama usoni. "Mwanangu," alianza, lakini mtangazaji alikuwa ameshageuka na meno yake yote nje: "Na huku kwa mwalimu wetu kuna nini?" Kamera ikamfuata. Watu wa runinga wana haraka hiyo, utadhani wameacha kitu jikoni.

Jioni, baada ya kurekodi, alimfuata mwongozaji, mwanamke mmoja aliyevaa miwani kwenye paji la uso na kuitafuta mezani.

"Nilikuwa nataka kusema neno kidogo tu, mama."

"Mama yangu, mko wengi. Anayetoka ndiye tunayempa nafasi ya kuaga. Wewe bado upo sana, usiwe na wasiwasi."

"Na mshindi?"

"Mshindi analia tu. Hana la maana analosema."

Alirudi kwake amenywea. Wenzake walikuwa wakiomba dua wabaki, na yeye akaona kwamba kila keki nzuri atakayooka inamsogeza mbali na mwanawe. Angeweza kungoja mpaka zamu yake ya kushindwa ifike yenyewe, lakini mtoto asiyemjua alikuwa akikua, na yeye kungoja alikuwa amekuchoka. Basi akapiga moyo konde. Wiki inayofuata atashindwa.

Ajabu ni kwamba kushindwa nako kunataka ufundi. Alikusudia kusahau sukari, akaja kushtuka mkono umeshaichota na kuimimina. Alikusudia kuacha unga na madonge, mwiko ukayasaka moja moja na kuyaponda. Meza ya jirani alikuwa yule mwalimu, mzee mstaafu mpole aliyejifunza kuoka baada ya kufiwa na mkewe. Mchanganyiko wake ulitiririka kama uji wa mgonjwa.

"Leo natoka mimi, dada," alinong'ona.

"Hutoki! Usiseme hivyo!" Mama Keki alimkemea kwa hasira ya kweli, maana mzee yule alikuwa anamwibia nafasi. Mwalimu akadhani anatiwa moyo, akamshukuru.

Keki zikaingia. Mama Keki alikaa mbele ya kioo, akaiona yake inaanza kuinuka polepole, imejaa vizuri, haina ufa. Ilikuwa nzuri kuliko ya wiki iliyopita. Akashika mpini. Mkono ukagoma. Ulikuwa umewakataza watu wote mlango ule maisha yake yote, na sasa haukubali kutumwa. Alimwona mwanawe amesimama pembeni na kidole mdomoni, mdogo vile vile, anangoja aone mama atafanya nini.

Akauvuta. Joto likampiga usoni. Keki ikatetemeka katikati, akaufunga haraka, akafumba macho. Alipoyafumbua, keki ilikuwa inaendelea kuumuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Oveni za pale zilikuwa nzuri kupita kiasi.

"Mungu wangu," alisema, "hata kuharibu naharibu vibaya?"

Akafungua tena, safari hii akauacha wazi, wazi kabisa, mpaka mwalimu akamwita, "Dada! Dada, mlango!" na mpiga kamera akaja mbio. Kisha akausukuma kwa goti ukajibamiza, trei zikagongana. Keki ikashuka. Ilididimia katikati taratibu mbele ya macho yake, na Mama Keki akalia kilio cha kweli, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba itamuuma kiasi kile.

Jaji mkuu, mpishi aliyemsifu wiki iliyopita, alikata kipande, akaona ubichi wa ndani, akaweka kisu chini. "Mama, leo ulipatwa na nini?"

"Nilitaka kuona kama imeiva."

Maishani mwake hakuwahi kusema uongo wa aibu kama huo.

Mwalimu alibaki. Alimkumbatia, mabega yanamtetemeka, akamwambia, "Nimekuona. Umefanya kwa ajili yangu, na sitakusahau." Mama Keki akampigapiga mgongoni, akaingia kwenye chumba kidogo chenye pazia, taa kali na kiti kimoja.

Aliambiwa aitazame kamera. Kwanza akawashukuru wote, kwa adabu. Halafu akasema: "Mwanangu, mimi ndiye niliyekosea. Si wewe, si mumeo. Niliona fahari kukunyima, nikajinyima mwenyewe. Keki ya harusi yako bado unanidai, niache nikuokee, hata kama ni leo, hata kama ni mlangoni nije niikabidhi niondoke. Namba yangu ni ile ile. Sijaibadili kwa sababu yako." Sauti ikamkatika. Mwongozaji alishusha miwani, akaifuta. "Nzuri sana, mama," alisema. "Nzuri sana."

Vipindi vilikuja kuonyeshwa majuma kadhaa baadaye. Alipiga pasi mashuka ya hoteli nzima roho iko juu juu, akaunguza foronya, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kipindi cha wiki ya kwanza kilipita na simu haikuita. Jumapili ya pili ilipofika wifi alikuja mapema, wakakaa kwenye kochi moja wameshikana mikono kama wasichana.

Mlango wa oveni walimwonyesha vizuri sana. Walimwonyesha akiufungua mara ya kwanza, wakamwonyesha mara ya pili, halafu wakarudia polepole na muziki wa kuchekesha. Keki iliposhuka waliweka mlio wa puto linaloishiwa upepo. Kisha ikaja sura yake kwenye kile chumba cha pazia. Mama Keki akamminya wifi mkono.

"Nawashukuru wote," alisema yule mwanamke kwenye runinga, akatabasamu, na yakaingia matangazo ya sabuni.

Walingoja matangazo yaishe. Yalipoisha, kipindi kilikuwa kimekwisha nacho.

"Na maneno?" wifi alisimama. "Wewe si ulisema ulizungumza? Yako wapi maneno? Hawa watu wana wazimu? Wanakata vya watu wanaacha puto?" Akaipiga runinga kofi la mgongo, kana kwamba imemeza na inaweza kutapika.

Mama Keki hakusimama. Alishika tama akatazama sakafu. Alikuwa ameitoa keki yake, jina lake, na ule mlango, na kidirisha chenyewe kimefungwa. Mtaa mzima utamcheka kesho, na hilo halikumgusa. Kilichomvunja ni kwamba mwanawe amemwona, amekaa naye chumba kimoja alasiri nzima, na hakuambiwa kitu. Alitaka kulia, machozi yakakataa.

Simu ikaita mezani. Namba ngeni. Wifi ndiye aliyeichukua, akasikiliza, akampa.

"Umefungua oveni." Haikuwa salamu, na sauti ile hakuwa ameisikia tangu kabla ya harusi. "Mara mbili, mama. Halafu ukaupiga goti."

"Ndiyo."

"Mimi ulinichapa mwiko kwa kuchungulia tu. Wewe huwezi kufungua oveni. Hata ukiwa mgonjwa, hata ukiwa usingizini, huwezi. Kwa nini ulifungua?"

"Anayetoka ndiye anayepewa nafasi ya kusema."

Nyuma ya binti mtoto mdogo alikuwa akigonga kitu, sufuria labda, bila kuchoka.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Wamekata."

Binti alivuta pumzi ndefu, ikatoka vipande vipande. "Haya," alisema. "Sema sasa. Nasikiliza."

Mama Keki akafungua kinywa. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga, aliyokuwa akiyarudia juu ya pasi mpaka akayajua kwa moyo, hakuliona hata moja. Wifi alikuwa akimhimiza kwa mikono miwili. Basi akasema lile lililokuwa karibu.

"Huyo mtoto ameshakula?"